Mkaa wa Kesho

6 Februari

Kwa Shangazi yake Chiriku,

Bwana asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama kuna mafua basi yawe ya kupita tu. Sisi huku hatujambo. Mgongo wangu ni ule ule, unaamka kabla yangu, lakini mashuka ya hospitali hayajui habari za mgongo, nayafua hivyo hivyo na Mungu ananitia nguvu. Chiriku hajambo sana. Ameng'oka jino la mbele na sasa maneno yanamtoka pamoja na upepo, ila hayajapungua hata moja.

Utashangaa kuona mwandiko wangu. Tangu siku ile ulipotoa ushahidi ukapita mbele yangu umeinamisha kichwa, hatujasemezana. Anwani yako nimepewa na mchungaji, naye akaniapisha nisimwonyeshe mtu. Nimeelewa kwa nini ulivunja laini ya simu. Watu wa ukoo wenu wakishika namba ya mtu hawapoi.

Nina habari, na nimeona uzisikie kwangu kabla hazijakufikia zimechacha. Mama yako na kaka yako mkubwa, waliofungwa kwa kifo cha mwanangu, wamekata rufaa. Itasikilizwa mwaka huu huu. Wakili wao mpya anasema mwanangu, mama yake Chiriku, aliingiza jiko la mkaa chumbani mwenyewe kwa sababu ya baridi, akafunga dirisha, akalala, hewa chafu ikamwua. Habari ya mto aliofunikwa usoni anasema ni hadithi tu. Nawe anasema ulidanganya kwa hasira, kwa kuwa mama yako alikukatalia yule fundi redio uliyetaka akuoe.

Nilimwuliza wakili wa serikali kama hilo lina nguvu. Ni kijana mpole, ana macho ya mtu asiyelala vizuri. Akaniambia, "Mama, sikufichi. Kesi hii imesimama kwa mguu mmoja, na mguu wenyewe ni yule binti." Daktari alisema marehemu alikosa hewa, basi. Hospitali haikuwa na kipimo cha kujua kama ni moshi au ni mto.

Wakishinda, watatoka. Na wakitoka, baba yako mdogo Kipaza (sasa najua kwa nini mlimpa jina hilo) ameshatangaza mtaa mzima kwamba mtoto ni wa ukoo, atarudi kulelewa na bibi yake mzaa baba. Nyumba ile ile. Huenda na chumba kile kile.

Sikuombi kitu. Nimeona tu si haki wewe uwe wa mwisho kujua.

Wako katika Bwana,
Bibi yake Chiriku


27 Februari

Kwa Bibi yake Chiriku,

Shikamoo mama. Naomba Mungu akupunguzie huo mgongo. Mimi ni mzima. Nafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha mikate, sehemu ya kukanda na kupanga kwenye trei. Joto lake, mama, ni kama kukaa mdomoni mwa mtu mwenye homa. Lakini tanuri ni la umeme. Nilipokuja kuomba kazi hilo ndilo swali langu la kwanza, bosi akadhani nina ujuzi mkubwa wa mitambo.

Barua yako niliiweka kwenye aproni kutwa nzima, nikaogopa kuifungua. Nilidhani utanilaumu. Kumbe umenipa salamu za jino la Chiriku. Nililia nikasingizia unga.

Mama, mahakamani nilijibu nilichoulizwa, hukuwahi kusikia kutoka kwangu mwenyewe. Nakuandikia sasa.

Usiku ule wifi alikuwa anafunga mizigo. Mumewe, kaka Baba Chiriku, alikuwa amepata nyumba kule anakofanya kazi ya kuendesha malori, na wiki ile ile wangehamia kwake, yeye na mtoto. Mama yangu alikuwa haongei na wifi. Alikuwa akiongea na sufuria: "Haya, wachukue mwanangu, wachukue mjukuu wangu, mimi nibaki na panya." Wifi akacheka, akaniambia, "Wifi, lala na Chiriku leo, chumba changu kimejaa masanduku." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu.

Asubuhi nilimpeleka mtoto kwa mama yake. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Namshukuru Mungu nilitangulia mimi. Dirisha limefungwa, wifi amelala chali na shuka limenyooshwa vizuri mno, na jiko liko miguuni pa kitanda. Juu ya jiko kuna mfuniko wa sufuria, ule uliokunjika ukingoni.

Wewe kwako sijui mnafanyaje, lakini kwetu mkaa hauachwi uishe wenyewe. Mama ametulea hivyo. Ukimaliza kupika unachukua jivu, unalilowesha kidogo, unafukia makaa, unafunika na ule mfuniko. Makaa yanakufa yakiwa bado mazima, na kesho unawasha tena. Akituona tumesahau alikuwa anasema, "Mkaa wa leo una kesho yake." Tulichapwa kwa ajili ya jambo hilo kuliko kwa utoro wa shule.

Nikainua mfuniko. Jiko lilikuwa limejaa makaa yaliyoungua nusu, juu yake jivu bichi. Nikatoka napiga kelele. Niliporudi na jirani, kaka mkubwa alikuwa anatoka mle chumbani na mfuniko ulikuwa umeshaondolewa. Jivu lilibaki.

Jiko lililoua mtu usiku kucha lingekutwa na majivu matupu. Lile lilizimwa na mkono, mama, na mkono wenyewe naujua. Ndio ulionifundisha.

Huku nasikia kuna mtu wa makamo anayeuliza sokoni habari za msichana wa mikate. Ana sauti kubwa. Sina haja ya kukuambia ni nani.

Mwambie Chiriku jino alitupe juu ya paa, asilimeze.

Shangazi yake


15 Machi

Kwa Shangazi yake Chiriku,

Amani ya Bwana ikukalie. Afya zetu ni njema. Jino limetupwa juu ya paa, likarudi. Likatupwa tena. Mara ya tatu nilipanda ngazi mwenyewe na mgongo huu huu, nikaliweka, maana bila hivyo tusingelala.

Barua yako nimeisoma nikiwa peke yangu kwenye chumba cha kuanikia. Nilikaa chini, mashuka yananipiga usoni. Kwamba alicheka. Hilo sikuwa nalijua. Miaka yote hii nilipomfikiria usiku ule nilimwona analia. Umenirudishia kitu.

Nimeuliza kuhusu rufaa nikaeleweshwa. Mashahidi hawaitwi tena. Majaji watatu watasoma yale yale yaliyosemwa na kutazama vielelezo vile vile. Kwa hiyo usiogope, hutasimamishwa tena mbele ya mama yako. Ila kijana wa serikali ameniambia jambo moja ambalo nakupa kama nilivyolipokea. Shahidi akiapa sasa kwa maandishi kwamba alidanganya, wakili wao atakwenda nayo mbele ya majaji, na hapo mambo yanaweza kupinduka. Ndiyo maana Kipaza anatembea sokoni. Hakufuata mkate.

Sasa nisikilize kama mtu mzima. Yule ni mama yako. Alikubeba, alikunyonyesha, na hata hiyo akili ya kuona jivu bichi alikupa yeye. Nimeomba sana juu ya jambo hili na sikupata jibu lingine. Kama moyo unakutuma kwenda kumwona gerezani, nenda. Usikae huko ukijitesa kwa ajili yangu. Wanawake wenzangu wa kanisani nilipowaambia, mmoja alinishika paji la uso kuona kama nina homa. "Unamtuma shahidi wako kwa mshtakiwa!" Nikamwambia simtumi shahidi. Namruhusu mtoto kwenda kwa mama yake.

Nisikufiche, nilipomaliza kusema hivyo nilirudi kuomba upya.

Bibi yake Chiriku


9 Aprili

Mama, shikamoo.

Natumaini wote hamjambo. Naandika haraka, trei zinaningoja.

Kipaza amefika. Aliingia hadi ndani ya kiwanda, bosi akadhani ni mkaguzi wa afya, akaanza kuficha paka.

"Mwanangu, umekonda," akasema. Kisha akatoa bahasha. "Ni sahihi tu. Hakuna atakayekugusa. Unasema ulikuwa na uchungu wa mchumba, basi. Watu wote wana uchungu wa mchumba."

"Baba mdogo, nimeyaona kwa macho yangu."

"Macho ya asubuhi, mwanangu! Mtu hata uso hajanawa."

Bosi akacheka, halafu akaona hatucheki, akarudi kwenye paka wake.

"Mama yako anazeeka mle ndani," akasema tena, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini. Sijawahi kumsikia akisema chini. "Anakuulizia wewe. Hamwulizii mwingine."

Nimeipokea bahasha, mama. Nimemwambia anipe nafasi nifikiri. Jumamosi nitakwenda gerezani, kama ulivyoniruhusu. Sijui nitakayoyasikia wala nitakuwaje nikitoka.

Shangazi


2 Mei

Kwa Shangazi yake Chiriku,

Bwana asifiwe. Mimi na mtoto hatujambo, tunakuulizia hali.

Natazama sanduku la barua la kanisa kila nikitoka kazini. Mlinzi ameshanizoea, ananipungia mkono tangu mbali kwamba hakuna. Huenda kazi zimekubana, au uliandika ikapotelea njiani, barua nazo huchoka kama watu.

Chiriku ameanza kuandika jina lake. Analiandika ukutani, kwenye mlango, na juzi kwenye shuka la hospitali, la wodi ya wazazi. Nesi mkuu alinipeleka pembeni. Nikamwambia anifokee nikiwa nimesimama, maana nikiinama sitainuka. Tukaishia kucheka.

Niandikie hata mstari mmoja. Hata kama ni mstari mbaya.

Bibi yake


11 Juni

Kwa Shangazi yake Chiriku,

Salamu katika Bwana. Ukitaka kujua hali yangu, ni mzima wa mwili.

Rufaa itasikilizwa tarehe nane Julai. Na huku habari zimeenea kwamba umetia sahihi. Kipaza amelisema kwa kinyozi, na mtu akisema jambo kwa kinyozi ni sawa na kulibandika kwenye nguzo. Kijana wa serikali anasema hajaona hati yoyote, ila anasema wenzake huwa wanatunza vitu kama hivyo wavitoe dakika ya mwisho.

Jana nilikaa nikakuandikia barua. Maneno yake yangekausha mti. Nilikwambia kwamba damu imekushinda, kwamba mwanangu alikupenda kama mdogo wake nawe umemzika mara ya pili. Nikaiweka juu ya Biblia niiombee kabla ya kuituma. Ikanishinda kuisoma kwa sauti mbele za Mungu. Ilikuwa kama kumwonyesha mgeni chumba kisichofagiliwa. Nikaichana.

Hii ndiyo ninayoituma badala yake. Kama umetia sahihi, nataka nisikie kwako, si kwa kinyozi. Nitalia, kisha nitajua la kufanya na mtoto. Na kama hukutia, basi uko wapi?

Chiriku ananiuliza mbona siku hizi namwita ndani mapema. Ameona ukuta umeongezwa matofali upande wa njia, nimemwambia ni kwa ajili ya mbuzi wa jirani. Jirani hana mbuzi.

Bibi yake


20 Juni

Mama yangu, shikamoo tena na tena.

Nisamehe. Barua zako mbili nimezipata leo. Nilihama chumba siku ile ile niliyotoka gerezani. Niliona Kipaza amekaa kibarazani na mama mwenye nyumba, anakunywa chai kama mkwe, nikageuza njia. Tangu siku hiyo nalala kwenye stoo ya unga, bosi amenipa godoro. Barua zako mama mwenye nyumba aliziweka chini ya redio akazisahau, mpaka leo redio ilipoharibika, akamtuma mtoto kuniletea kiwandani. Hata mimi ningeweza kukuandikia, siwezi kusema nilikosa kalamu. Kila nikianza maneno yalinigomea. Leo niliposoma la mbuzi wa jirani nikaona nimekutesa bure.

Sikutia sahihi. Nalitanguliza hilo upumue.

Sasa nikueleze. Mama mzazi aliletwa, tukakaa, katikati yetu wavu wa chuma. Nywele zimemwisha rangi.

"Umekonda," akasema. "Huko kwenye mikate hawakupi hata ganda?"

"Wananipa, mama."

"Hawakupi. Nakujua wewe, unagawa." Akanitazama mikono. "Umeungua hapo. Umepaka nini?"

Mama, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Sikujiandaa kwa hayo. Tuliongea mambo ya nyumbani, paa linalovuja, kuku wake. Kisha akauliza, "Baba yako mdogo amekupa ile karatasi?"

"Amenipa."

"Basi itie sahihi twende nyumbani. Nimechoka na uji wa hapa, una mawe."

Nikasema, "Mama, nikuulize neno moja nitie sahihi. Ule mfuniko ulikuwa wa nini?"

Akakunja uso, uso ule ule wa kunigombeza nikiwa mdogo, akasema, "Gunia lilikuwa ndio kwanza limefunguliwa. Ulitaka niuache mkaa mpya uishe bure?"

Hakujua amesema nini mpaka alipokwisha kusema. Akaweka mkono mdomoni. Tukatazamana hivyo, yeye na mimi, mpaka askari akasema muda umekwisha. Nilipoinuka akasema kwa sauti ya chini, "Upake asali hapo ulipoungua."

Nimelileta neno hili kwako kwa kuwa wewe ndiye uliyefiwa, ni lako. Kwa wakili sitalipeleka. Niliyoyaona kwa macho niliyasema chini ya kiapo, na sitayapunguza wala kuyaongeza. Kama hayatoshi, Mungu anajua. Lakini siwezi kukaa na mama yangu kwenye wavu, ananiuliza habari ya kidonda, nami nikatoka na maneno yake mfukoni kwenda kuyakabidhi. Kama nimekosea, nigombeze, nitakubali.

Kipaza alinifuata stoo wiki iliyopita. Nikamrudishia karatasi yake bila sahihi, kama alivyonipa, ila ilikuwa na unga.

"Umetuua," akasema.

"Hapana, baba mdogo. Mimi nimekuta tu."

Shangazi yake


10 Julai

Mwanangu,

Bwana asifiwe sana. Nakuandikia rufaa ikiwa imesikilizwa juzi salama, ingawa matokeo bado.

Kwanza lile neno. Nililipokea, nikatoka nje, nikakaa na ndoo ya nguo mpaka maji yakapoa. Sikugombezi. Nimelifungia, halitatoka kinywani mwangu. Namwomba Mungu amfikie mama yako pale pale aliposhika mdomo, maana naona pale ndipo mlango ulipofunguka kidogo.

Sasa mahakama. Ni chumba kikubwa chenye feni tatu, moja inazunguka. Mama yako na kaka yako waliketi upande wa askari. Majaji watatu, wa katikati ni mama mtu mzima, miwani imeshuka puani. Wakili wao alianza vizuri, mwanangu, nisimnyime haki yake, anaongea mpaka unatamani akuuzie kitu.

"Waheshimiwa Majaji, habari yote ya mfuniko ni ya binti huyu peke yake. Hakuna mwingine aliyeuona. Ni hasira ya msichana aliyenyimwa mchumba."

Yule jaji mama akainua picha. Ni ile ya polisi, walipiga asubuhi ile ile, iko kwenye kesi tangu mwanzo na hakuna aliyeitilia maanani.

"Wakili, hebu nisaidie. Hili jiko lina mkaa?"

"Lina mkaa, Mheshimiwa."

"Umejaa au haukujaa?"

"Naweza kusema... umejaa, Mheshimiwa."

"Umewahi kupika kwa mkaa?"

"Mheshimiwa, kwangu tunatumia gesi."

Watu wakacheka. Jaji hakucheka. "Hongera. Unasema jiko hili liliwaka usiku kucha hadi likamwua marehemu. Asubuhi makaa bado yapo, yameungua nusu. Aliyazima nani?"

Wakili akafungua kurasa, akafunga. "Huenda yalizimika yenyewe, Mheshimiwa, kwa kukosa hewa. Dirisha lilifungwa."

Niliona majaji wawili wa pembeni wanaandika. Nikasema Baba, usituache hapa.

Jaji mama akasogeza picha karibu na macho. "Inawezekana," akasema. "Na hili jivu lililoloweshwa, nalo lilijimwagia lenyewe?"

Wakili akarudi kwenye kurasa zake. Mimi nilimtazama mama yako. Alikuwa anatazama mikono yake.

Kijana wetu wa serikali alisimama akasema machache. Alisema binti ana mama mmoja tu, na mtu hamtupi mama kwa ajili ya fundi redio. Majaji wakasema watasoma, hukumu itatolewa Septemba. Hati ya kukana haikuletwa, maana haikuwapo. Kipaza aliondoka bila kuaga mtu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa kimya.

Na sasa jambo ambalo sikulitarajia. Nilipotoka nikamwona Baba Chiriku amesimama kando ya ukuta. Alikuwa amekaa nyuma muda wote. Unajua hajakanyaga kwangu tangu mazishi. Mke kaburini, mama na kaka gerezani, angekwenda upande gani? Alikuja kunipokea kikapu, akabaki amekishika kwa mikono miwili.

"Mama," akasema, "naweza kuja kumwona mtoto?"

"Mlango wangu hauna masharti," nikamwambia. "Ila ujiandae, anaongea."

Alikuja jana. Chiriku alimkagua kuanzia viatu, akamwuliza kwa nini lori lake halikuja naye, akamwambia jino jipya linaota na habari za paa. Baba mtu aliinama akawa anafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

Alikuulizia wewe. Alisema, "Mwambie dada sina kinyongo naye. Mwambie mimi ndiye niliyepaswa kuona mapema." Nimekuambia.

Bibi yake Chiriku


19 Septemba

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Natumaini kidonda cha mkono kimepona na huna baridi kwenye hiyo stoo. Sisi ni wazima, kuliko wakati mwingine wote.

Rufaa imetupwa. Hukumu imebaki kama ilivyokuwa, kwa wote wawili.

Waliisoma kwa muda mrefu na mengi yalinipita. Lakini ya kwako niliyashika. Walisema ushahidi wa binti ni wa mtu aliyesema kile tu alichokiona, akaacha asichokiona, na kwamba picha imekuja kusimama pembeni yake kama ndugu. Nilisema moyoni, umesikia, mwanangu? Mguu ule mmoja umepata mwenzake.

Wanawake wa kanisani walitaka kupiga vigelegele. Nikawazuia. Mama yako alikuwa anapelekwa, na alipopita mbele yangu alisimama. Askari hakumsukuma. Akaniambia neno moja, "Mtoto?" Nikamwambia, "Hajambo. Anaota meno." Akaitikia kwa kichwa, akaenda. Sikumkumbatia na sikumtukana. Msamaha naumeza kidogo kidogo kama dawa chungu, nimemwambia Mungu asinikimbize. Kaka yako hakuinua macho.

Nilipofika nyumbani niliketi nikaona sina la kufanya. Miaka yote hii nilikuwa na kesi, nilikuwa naamka nayo. Nikafagia. Nikabomoa yale matofali niliyoongeza ukutani, Baba Chiriku akanisaidia, akauliza ni ya nini, nikamwambia mbuzi wamehama.

Halafu nikafanya jambo ambalo sikulifanya tangu mwanangu afe. Hukujua hili, hakuna anayejua ila Chiriku: sijawahi kuwasha mkaa nyumbani kwangu tangu siku ile. Napika kwa jiko la mafuta, chakula chote kina harufu ya taa, mtoto amekua anadhani ndiyo ladha yake. Jana nilinunua mkaa. Nikawasha jiko uani, hewa tele, milango yote wazi. Chiriku alikaa mbali kwanza, kisha akasogea. Tukachemsha chai. Ilipokwisha, nikachukua jivu nifukie makaa yaliyobaki, kama tufanyavyo wote tusio na gesi. Mkono ukakataa, mwanangu. Nikaliacha jiko liwake. Tukakaa pale tunalitazama mpaka giza likaingia, na mtoto akauliza, "Bibi, sasa shangazi anakuja?"

Nikamwambia nitauliza.

Kwa hiyo nauliza. Kuna kitanda cha mama yake Chiriku, chumba kina madirisha mawili na yote yanafunguka. Huku nako kuna viwanda vya mikate. Kama hutaki, nitaelewa, na barua zitaendelea. Lakini ukija usije kama shahidi wala kama wifi wa marehemu. Nimekosa binti mmoja, nawe mama yako hayupo nyumbani. Siwezi kujifanya sioni hesabu ya Mungu ilivyokaa.

Mama yako


28 Septemba

Mama, shikamoo.

Mimi ni mzima. Bosi amelia, paka hakulia. Amenipa mikate sita ya njiani, nimeshagawa miwili.

Kesho napita gerezani kumpelekea mama sabuni na asali. Nitamwambia naelekea wapi. Atanigombeza kwamba sijachukua sweta. Kutoka hapo napanda basi la kwanza.

Mwambie Chiriku aniachie nafasi ya kulala upande wa ukutani. Na jiko, mama, siku hiyo usilizime. Niko njiani.

Mwanao